Pikapu ya Zamani Inapokula Petroli: Tunavyotafuta Chanzo

Wakulima na wachuuzi wanaoteremsha mboga katika soko la Marikiti, Nairobi, kabla ya mapambazuko ndio hutujia zaidi na lalamiko hili. Pikapu ambayo kwa miaka mingi imewapandisha Limuru na kuwarudisha mjini kwa kiasi kilekile cha petroli sasa inamaliza tangi mapema, ncha ya bomba la moshi imejaa masizi makavu, moshi wenyewe unanuka petroli hadi macho yanauma, na injini inatetemeka gari linaposimama kwenye foleni. Plagi zikifunguliwa huwa nyeusi tititi. Mara nyingi mwenye gari ameshanunua plagi mpya, chujio cha hewa na hata sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi) kutoka maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, na hali haijabadilika. Inatuuma kuona fedha za biashara ndogo zikipotea hivyo, ndiyo maana katika karakana yetu tunapima kwanza kabla ya kumwambia mteja anunue chochote.

Injini ya kabureta fundi aliweza kuirekebishia mchanganyiko wa hewa na petroli kwa bisibisi. Katika injini ya nozeli, yaani vipuri vinavyonyunyizia petroli ndani ya injini, kompyuta ndiyo inayoamua nozeli zifunguke kwa muda gani, ikilenga takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli injini ikishapata moto, na uamuzi huo inaufanya kwa kutegemea taarifa za sensa. Basi petroli inapozidi, swali letu la kwanza huwa kama kompyuta imeiagiza kwa kupewa taarifa za uongo, au inapenya bila kuagizwa. Mwinuko wa Nairobi, unaozidi mita 1,600, husingiziwa sana, ilhali injini yenye sensa ya kupima shinikizo la hewa hujua yenyewe kwamba hewa ya huku ni nyepesi na hupunguza petroli ipasavyo.

Chanzo tunachokipata mara kwa mara ni joto, na hapa lawama kubwa ni ya desturi ya mafundi wetu wenyewe. Injini ikichemka mara moja, fundi huitoa themostati na kuitupa ili maji yazunguke bila kizuizi, naye mwenye gari huondoka akiwa ameridhika. Themostati ipo ili maji yabaki ndani ya injini mpaka yafikie nyuzi 80 na kitu, kisha yaachiliwe kwenda kwenye rejeta. Ikikosekana, asubuhi ya baridi ya Julai, barabarani ambako upepo unaipiga rejeta moja kwa moja, injini inaweza kwenda safari nzima bila kufikia joto lake la kazi. Kompyuta nayo huongeza petroli kila injini inapokuwa baridi, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi, na huendelea kuiongeza kutwa nzima kama vile gari limewashwa sasa hivi.

Themostati ikiwa nzima, tunaigeukia sensa ya joto la maji. Katika Toyota nyingi za zamani zenye nozeli, ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme kupita, huwa kati ya omu 2,000 na 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, na hushuka hadi kati ya omu 200 na 400 yakifikia nyuzi 80. Sensa iliyochoka, au waya wenye kutu kwenye kiunganishi, huongeza ukinzani huo, na kompyuta ikaamini kwamba injini ni baridi kuliko ilivyo. Taa ya injini inaweza isiwake kabisa, kwa sababu kompyuta hutoa msimbo wa kosa pale tu waya unapokatika au kugusana, si pale sensa inapotoa namba ya uongo inayoaminika. Geji ya dashibodi haisaidii pia, kwani katika magari mengi ina sensa yake tofauti.

Petroli inayoingia bila kuagizwa hupitia kwingine. Kidhibiti cha presha kilicho kwenye reli ya nozeli kina utando wa mpira ndani yake, na utando huo ukipasuka, injini huifyonza petroli moja kwa moja kupitia mpira mwembamba wa ombwe, unaokiunganisha kidhibiti na njia ya hewa ya injini. Jaribio lake ni jepesi: tunauchomoa mpira huo injini ikiwa inanguruma, na ukiwa umelowa petroli, jibu limepatikana. Tunafunga pia geji ya presha. Ikiwa presha imezidi kipimo cha mtengenezaji, huenda mrija wa kurudisha petroli tangini umebanwa au umeziba. Presha ikianguka upesi baada ya kuzima injini, na gari likawa gumu kuwaka likiwa moto, tunazishuku nozeli zinazovuja.

Sensa ya oksijeni tunaiacha mwisho. Masizi juu yake huonyesha ugonjwa, na si lazima yawe ndiyo ugonjwa. Ikiwa nzima, volti zake huyumba kati ya takriban 0.1 na 0.9. Zikikwama juu, inaripoti kwa ukweli kwamba petroli imezidi. Zikikwama chini huku moshi ni mweusi, tunatafuta ufa kwenye bomba la moshi kabla ya sensa, au plagi isiyochoma, maana vyote viwili huipitishia sensa hewa na kuifanya kompyuta iongeze petroli isiyohitajika.

Ukiwa na dalili hizi, chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, usiipakie pikapu mzigo mwingine, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi tena beringi na kuta za silinda. Kisha tuletee gari jioni ukaliache lilale kwetu, kwani vipimo vya joto tunavianza alfajiri, injini ikiwa baridi kabisa, na kuvifuata hatua kwa hatua mpaka ipate moto ipasavyo.