Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Kiwengwa

Jambiani, Unguja

Mwanangu Zuwena,

Asalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Presha ya baba yako imeshuka kidogo tangu nimfiche chumvi, na mafua ya kipupwe yametupitia sote. Barua hii anakuletea Makame, anavuka keshokutwa kuja huko Dar na boti ya asubuhi. Nimeona bora niandike, kwani kwenye simu kila nikianza habari ya maji ya huko Kiwengwa mnakokwenda kupumzika hotelini unaniambia "Mama, nimesikia," nami naijua sauti yako unaposikia kweli na sauti yako unapotaka nimalize.

Ile sauti ya Idi uliyonirushia nimeisikiliza mara nyingi. "Bibi, mimi sasa najua kuogelea." Nikakuuliza amejifunza wapi, ukacheka, ukasema umemnunulia maputo ya kuvaa mikononi na ameyajaribu kwenye beseni. Mwanangu, tangu siku ile silali. Mtoto wa miaka minne anayeamini anajua kuogelea ananitisha kuliko anayeyaogopa maji. Anayeogopa atakungoja, huyu atatangulia. Na maputo yale ni ya kuchezea tu. Akinyanyua mikono yanachomoka, yakichomwa kidogo yanaisha upepo, na kichwa cha mtoto ni kizito, kinakwenda chini kwanza. Kama hoteli ina jaketi za kuokolea za kipimo cha watoto, zile zenye mkanda wa kupita baina ya miguu, azima moja. Kama hawana, basi Idi aingie majini akiwa mkononi mwa baba yake.

Nimesema baba yake kwa sababu wewe hujui kuogelea. Nitalirudia hilo chini, sasa niache nimalize la bwawa.

Picha ulizotuma nimezitazama na shangazi yako. Hoteli nzuri, sikatai. Bwawa refu linakaribia kugusa mchanga, viti vya kulalia, watu wanapelekewa vinywaji humo humo majini. Umenieleza kuwa mkifika mnavishwa bangili, na kuanzia hapo ni kula na kunywa mpaka siku ya kuondoka, kila kitu kimeshalipwa. Hapo ndipo roho yangu inaposhituka. Watu wakishaambiwa kila kitu kimo ndani wanalegea. Mama anaona baba yupo, baba anaona mama yupo, wote wawili wanaona yupo yule kijana mwenye fulana ya ulinzi, na yule kijana ana watoto thelathini mbele yake na mgeni anamuuliza taulo. Mtoto anayezama hapigi kelele, Zuwena. Hapungi mkono. Mdomo uko sawa na maji, anatafuta pumzi, hana nafasi ya kuita, na ukimtazama kwa mbali utadhani anacheza. Dakika chache tu.

Kwa hiyo nataka muwe na zamu, wewe na Baba Nasra. Anayeshika zamu hashiki simu, hasomi, haendi kuchukua juisi. Akitaka kuondoka amtaje mwenzake kwa jina, "Zuwena, sasa wewe," na wewe uitikie. Usipoitika, haondoki. Na mkiinuka kwenda kula, wote mnainuka. Sitaki kusikia Nasra kaachiwa mdogo wake. Nasra ana miaka saba. Najua ana akili, mwalimu wake wa chuo cha Kurani amemsifu nami nimemsifu kwa kila mtu hapa kijijini, lakini miaka saba ni miaka saba.

Sasa bahari. Nimehesabu mwezi wa mwandamo. Mtafika siku yake ya kumi na mtaondoka ya kumi na tano. Siku ya kwanza maji yatajaa adhuhuri, karibu kabisa na vitanda vya hoteli, na watoto watajua bahari ndiyo hiyo. Lakini kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Mpaka siku za mwisho, bamvua litakuwa limefika: maji yatakupwa saa nne asubuhi mpaka muone mchanga na majani ya bahari hadi kule mwambani, na kujaa mpaka saa kumi alasiri. Hiyo saa nne ndiyo ninayoiogopa. Mapapasi, wale vijana wanaowaandama watalii pwani, watakuja kukwambieni twendeni mwambani tukawaonesheni samaki wa rangi, na watoto watataka, na kwa macho ni kama uwanja wa mpira.

Maji ya bamvua hayarudi kama shuka inayotandikwa kutoka upande mmoja. Yanaanza kuingia kwenye mabonde, na bonde mara nyingi liko nyuma yako, baina yako na nchi kavu. Wewe umesimama juu ya fungu, miguu mikavu, unaokota kombe, kumbe ulikopita kumeshafika kiunoni kwa mtu mzima. Saa ya kwanza yanakuja taratibu, yanakuhadaa. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Sisi tunaokwenda kutafuta pweza tunaanza kurudi maji yakiwa bado yanatoka, hatusubiri yageuke. Nanyi msisubiri. Ikifika saa nne juu ya alama nataka muwe mmeshatazama nchi kavu na mnatembea. Na mwambani kwenyewe Idi haendi kabisa. Kuna wale wa miiba mirefu myeusi, kuna taa, yule samaki bapa, anajifukia mchangani na mwiba wake. Nasra avae viatu, aburure miguu asiinyanyue, taa akisikia mburuzo anaondoka mwenyewe.

Jingine, na Baba Nasra pia alijue kwani yeye ni mtu wa bara: mkondo wa upande wetu unavuta kwenda kaskazini, na sasa kusi linapiga, unavuta zaidi. Mtoto akiingia maji mbele ya viti vyenu, baada ya muda kidogo hayupo mbele yenu. Mkimpoteza machoni mtazame kwanza upande wa kaskazini. Wala msimnunulie boya lile la mfano wa bata. Upepo wa kusi unalichukua pamoja na aliyelikalia.

Najua utasema mama, tunakwenda kupumzika siku tano, unatufanya tunakwenda vitani. Pumzikeni. Mmehangaika, nimeona. Mwanangu aliyekuwa akifunga mwani ili anunue viatu vya skuli leo analipia hoteli ambayo mimi sijawahi kupita mlango wake, nami nimelisema hilo kwenye harusi ya jirani mpaka shangazi yako akanikanyaga mguu. Nimefurahi. Lakini sitaficha kuwa nilipoambiwa mnakuja Unguja nilishatoa godoro juani, nikamwagizia baba yako pweza, halafu nikasikia Kiwengwa. Kiwengwa na huku Ghuba ya Chwaka imekaa katikati, ni safari ya kuzunguka. Siku moja tu mngekuja tukala pamoja. Si lazima mlale. Wajukuu zangu watakula bufee siku tano, mimi sijawapikia hata wali wa nazi.

Basi, hilo nimelisema, nisilirudie.

La kuogelea kwako. Una miaka thelathini na nne na hujui, na aliyekuzuia ni mimi. Ukiwafuata kaka zako pwani nilikutoa majini kwa kiboko, nikasema mtoto wa kike haogelei. Wote tulisema hivyo. Ile Septemba 10, 2011, meli ya kwenda Pemba ilipozama kule Nungwi, watu walipokuwa wakiletwa nilikaa na redio mpaka alfajiri, nikawa nawaza kina mama waliokuwa na watoto kifuani na wao wenyewe hawajui hata kuelea. Haikufika mwaka, Julai 2012, nyengine ikazama karibu na Chumbe, na hiyo imetoka huko huko Dar. Niliwaza lakini sikukwambia kitu. Ulikuwa mkubwa, nikaona umri umepita.

Na ile siku ya vigingi vya mwani. Sina haja ya kukukumbusha, wewe ndiye uliyemeza maji. Kwa miaka yote nimesema ulitoka nilipokukalisha. Baba yako anajua hivyo, na wewe umekua ukijua hivyo, hata juzi nimekusikia ukimwambia Nasra, "Mimi sikumsikiliza mama ndiyo nikazama." Usimwambie tena hivyo. Nilikuwa nimebakisha kamba mbili. Mwani ulikuwa na bei wakati ule, si kama leo, na mnunuzi alikuwa anakuja Ijumaa. Niliyaona maji yamegeuka, nikasema nimalize mbili hizi. Ulikuwa palepale nilipokukalisha. Maji ndiyo yaliyokufuata.

Ndiyo maana nakwambia usihesabu kuwa utamaliza kwanza hiki au kile.

Kwa hiyo nakuomba ujifunze sasa. Hapo hotelini bwawa lina upande wa maji ya kiunoni. Nenda asubuhi na mapema kabla watu hawajaamka, uvae vazi lako la stara, ulizia kama wana mwalimu wa kike. Siku hizi wasichana wa Nungwi wanafundishwa kuogelea, wanaelea na mitandio yao na hakuna aliyeharibikiwa. Anza na kulala chali tu: kichwa nyuma, masikio ndani ya maji, kifua kijae pumzi. Ukiweza kulala chali unaweza kumngoja mtu aje. Nami nimejaribu, usicheke, mwezi uliopita, na watoto wa dada yako wakinishika mgongo. Nimeelea. Si sana.

Nimeshazungumza na wifi yangu wa Kiwengwa. Siku mbili za mwisho, za bamvua, nitalala kwake. Sitaingia hotelini, najua asiyelala hapo hulipa, wala sitaki mlipe kwa ajili yangu. Nitakaa mchangani. Pwani tunapita sote, hakuna mlinzi wa kunifukuza. Kabla ya saa nne asubuhi mtaniona na kanga yangu ya manjano, na mkitaka kuteremka kwenda kutazama maji yaliyokupwa, mje kwangu kwanza. Nitatembea na Idi mimi, mpaka pale ninapoona panatosha, nikigeuka sote tunageuka. Halafu mkitaka tule kwa wifi. Nitakuja na pweza mkavu.

Habari za nyumbani. Bati la jikoni lile la upande wa kusini limeng'oka msumari, linapiga kelele usiku kucha. Kaka yako amesema atakuja Jumamosi, hii ni Jumamosi ya tatu. Mwani hauna maana msimu huu, ule mnene wenye bei unakufa maji yakipata moto, tunabaki na huu mwembamba, tunapata ya sabuni na chumvi tu, na hiyo chumvi ndiyo naificha. Ukija niletee dawa za baba yako zile zile, kopo la mwisho nimempa Makame akuoneshe jina, na sufuria yangu kubwa uliyoiazima wakati wa Idi kuzaliwa, miaka minne sasa. Mkeka wa Nasra nimeumaliza, bado kupindwa.

Jambo la mwisho. Nimenunua kitambaa chekundu na fundi ananishonea fulana za kuogelea za watoto, mikono mirefu, zenye kubana. Wavuvi wetu wanavaa rangi kali kwa sababu inaonekana mbali. Wewe umewanunulia za buluu, nimeziona kwenye picha. Mtoto wa buluu ndani ya bwawa la buluu hutamuona. Hizo wavae nyumbani. Kipimo cha Idi ninacho tangu Idi kubwa, nimeongeza vidole viwili. Cha Nasra sina. Mpime mabega na urefu wa mkono leo hii Makame akiwa bado hapo, umpe kwenye karatasi, asikwambie kwa mdomo, atasahau. Fundi anafunga cherehani yake Jumatano, anakwenda Makunduchi kuuguza.

Mama yako