Barua kwa mwanangu: ile sita kwa sifuri

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi. Huku nyumbani hatujambo, na bibi yako miguu imempa nafuu tangu mvua zikatike. Mimi ndiye sijalala vizuri toka ulipokata simu juzi, baada ya mechi yako ya tenisi. Ulisema, "Mama, nimefungwa sita kwa sifuri," ukaanza kulia, na mimi badala ya kukubembeleza nikauliza seti nyingine, vile vipande vingine vya mechi, zilikuwaje. Nisamehe, mama.

Nataka nikusimulie habari za Angelique Widjaja, binti wa Bandung, Indonesia. Kwao mchezo unaopendwa kupita kiasi ni badminton. Medali yao ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki aliileta Susi Susanti kwa mchezo huo, Barcelona, mwaka 1992. Kwenye tenisi walikuwa na Yayuk Basuki, aliyefika robo fainali ya Wimbledon, yale mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 1997 na kupanda hadi nafasi ya 19 duniani. Mwaka huo Angelique alikuwa na miaka 12, mdogo kuliko wewe sasa.

Miaka minne baadaye akawa yeye Wimbledon, kwenye fainali ya wasichana chipukizi. Upande wa pili wa wavu alisimama Dinara Safina wa Urusi, yule ambaye mwaka 2009 alikuja kuwa namba moja wa dunia. Seti ya kwanza Angelique akaichukua 6-4. Ya pili akapigwa 6-0. Ile ile yako, Rehema! Hakuambulia hata gemu moja, na kombe liko pale pale linamsubiri mmoja wao. Namfikiria kwenye kile kiti cha kupumzikia, ana miaka 16, yuko mbali na kwao, anajua kwamba akisimama atakutana na mtu ambaye ametoka kumfagia. Akasimama. Seti ya tatu akashinda 7-5. Hiyo 7-5 nimeirudia mara nyingi kichwani, maana haishindwi kwa bahati. Hapo kila gemu imegombewa.

Mwaka huo huo akapewa nafasi ya mwaliko kwenye mashindano ya wakubwa kule Bali, ndiyo mara yake ya kwanza kwenye ngazi hiyo, na akalitwaa kombe lenyewe. Fainali alimfunga Joannette Kruger wa Afrika Kusini, seti zote mbili 7-6. Mwaka 2002 akaongeza ubingwa wa wasichana chipukizi kwenye mashindano ya wazi ya Ufaransa, kombe la Pattaya kule Thailand, na dhahabu ya timu pamoja na wenzake kwenye Michezo ya Asia, Busan. Machi 2003 alikuwa wa 55 duniani.

Baada ya hapo yakaja majeraha. Anapona, anarudi, anaumia tena. Kufikia mwaka 2008 alikuwa ameshaachana na tenisi ya kulipwa, hajatimiza hata miaka 24. Wapo watakaosema hakufika mbali. Mimi siwaelewi watu hao. Wanawake hamsini na wanne tu dunia nzima ndio waliokuwa mbele yake!

Lakini nikisoma habari za majeraha hayo moyo wangu unakuja kwako, kwenye bega lako la kulia. Mwaka jana uliniambia linauma ukiinua mkono kuanzisha mpira. Nami nikakujibu, "Jikaze, mashindano yamekaribia." Ulijikaza. Nilikuona jioni ile unachana nywele kwa mkono wa kushoto, nikanyamaza. Picha hiyo haijanitoka mpaka leo. Nilikosea, mwanangu, na nimemweleza baba yako hivyo hivyo.

Basi sikiliza. Kufungwa sita kwa sifuri hakunisumbui, na wewe usikuhesabu kuwa kitu. Kinachonisumbua ni kama ulicheza huku bega linauma ukaogopa kuniambia. Niambie ukweli, hata kama jibu ni ndiyo.

Nakuja Jumamosi kwa basi la alfajiri. Nimeongea na kocha wako, raketi utaiacha kabatini mpaka daktari aliangalie bega, naye amekubali. Ukitaka kuendelea ukipona, nipo. Ukitaka kupumzika mwaka mzima, nipo vile vile. Bibi anakukaangia visheti, ameniapisha nisivionje njiani.

Wako akupendaye,
Mama