Barua ya wazi kwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani: kabla ya likizo, waulizeni askari kama wanajua kuogelea

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Mwaka 2008, mpango wa MAVNI wa kuandikisha jeshini wageni wenye lugha zinazohitajika ulipoidhinishwa, Kiswahili kilikuwemo kwenye orodha, kwa hiyo wa kukusomea barua hii hawakosekani. Tena nataka isomwe na vijana wetu walioko kwenye kambi za jeshi, na mama zao walioko Dodoma, Kisii na Bukavu.

Mimi ni mzaliwa wa Dodoma. Nilikuja Marekani kwa bahati nasibu ya viza, nikavaa sare miaka 8, nikatoka na cheo cha sajenti. Maji tuliyoyajua utotoni ni ya ndoo kichwani, na ya korongo linaloshuka kwa kishindo wakati wa masika kisha likabaki mchanga mtupu. Mama alitukataza kulisogelea, tukatii. Sikumjua mtoto hata mmoja mtaani kwetu aliyejua kuogelea, angejifunzia wapi?

Kila mwaka, kuanzia wikiendi ya Memorial Day mwishoni mwa Mei hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba, wanajeshi hukumbushwa juu ya siku 101 za hatari za majira ya joto. Ni siku za safari ndefu, pikipiki, nyama choma na kwenda ziwani. Ijumaa mchana tunapangwa mistari kwenye lami inayofukuta, na kiongozi anatusomea nasaha za usalama: usiendeshe umelewa, funga mkanda, pumzika njiani, kunywa maji, mpigie simu bosi wako ukipata shida. Nimesimama kwenye mistari hiyo, na baadaye nikawa mimi ndiye ninayesoma. Watu wameshashika funguo za magari mkononi. Ukiuliza kama wameelewa, wanaitikia kwa sauti moja, na kijana aliyetua nchini miaka miwili iliyopita anaitikia kuliko wote.

Kwa barabara sina lawama, na nasema hivyo kwa moyo mweupe. Anayesafiri kwa gari anajaza fomu ya kupima hatari za safari: atalala saa ngapi kabla ya kuondoka, ataendesha saa ngapi, kutakuwa na hali gani ya hewa, kisha mkubwa wake anaipitia kabla hajaondoka. Mwenye pikipiki hapandi mpaka amalize kozi, na kofia ngumu anavaa hata akiwa nje ya kambi, nje ya saa za kazi. Nimewaona vijana wakinung'unikia kozi hiyo, kisha wakaja kushukuru.

Majini je? Jeshi la Wanamaji halimtoi kuruta chuoni mpaka aruke kwenye kina kirefu, aogelee yadi 50 na aelee dakika 5. Askari wa Marines, wanaopigana majini na nchi kavu, nao wana mtihani wao. Kuruta wa Jeshi la Nchi Kavu anamaliza mafunzo ya awali bila mtihani wa kuogelea. Ukifikiria kazi tu, unaweza kusema sawa, huyu ni wa nchi kavu. Lakini Jumamosi ya Julai anakwenda ziwani kama wenzake wote.

Nitakusimulia niliyoyaona. Jumamosi moja, nikiwa bado kazini, tulikusanyika Waafrika Mashariki kama kumi na wawili kando ya ziwa moja la Texas. Kulikuwa na kijana wa Tabora, mgeni kikosini, kazini ananiita Sajenti, pale ziwani akanipa shikamoo na kuniita dada. Wenzake waliingia majini, naye akaingia. Maji yalikuwa magotini, kisha mapajani. Maziwa mengi ya Texas ni mabonde yaliyozibwa kwa mabwawa, na chini yake kuna kingo za mto wa zamani. Hatua moja inakutoa kwenye mchanga inakuweka pasipo na chini.

Mimi nilikuwa nageuza nyama. Nilimwona, Mheshimiwa, na nikadhani anacheza. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo unatoka majini na kuzama, mikono inakandamiza maji pande zote mbili kama mtu anayetafuta meza ya kuegemea. Hakupiga kelele. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba anayezama hana pumzi ya kupigia kelele wala mkono wa kupunga, na kwamba kati ya sekunde 20 na 60 anakuwa ameshashuka. Mzee mmoja Mmarekani, mgeni kwetu kabisa, alielewa alichokuwa anakiona. Aliacha kiti chake, akaingia majini na boksi lake la barafu lililokuwa tupu, akamsukumia akalishika.

Tulimfunika taulo huku anatapika maji. Garini, tukirudi, akaniambia, "Dada, niliona haya kusema sijui."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika. Yeye alikuwa amesikiliza nasaha zote za Ijumaa. Aliambiwa awe mwangalifu majini, na alikuwa mwangalifu kwa kadiri ya alivyojua. Hakuna aliyemuuliza kwa faragha: unajua kuogelea? Nami, dada yake, sikumuuliza. Sisi tuliolia meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria mwaka 1996, na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, tunajua vizuri mno kwamba maji yanaua. Woga tunao. Tunachokosa ni ustadi, na askari kijana hawezi kuutaja upungufu huo mbele ya kikosi kizima.

Kwa hiyo naomba kila kikosi, kabla ya mwisho wa Mei, kiwapeleke askari wake kwenye bwawa la kuogelea asubuhi moja: kuruka, kuogelea kidogo, kuelea. Kambi kubwa zina mabwawa na waokoaji tayari. Asiyeweza aandikwe bila kutangazwa, na afundishwe ndani ya saa za kazi, maana askari wa cheo cha chini hana ujasiri wa kuomba ruhusa ya jambo analolionea aibu. Na ile fomu ya safari iongezwe swali kama ataingia majini au kupanda boti, na kama jaketi okozi lipo. Anayejua kuogelea naye alivae akiwa botini.

Najua atakuwepo atakayesema mtu mzima na likizo yake ni mambo yake. Mkanda wa gari na kofia ya pikipiki mmevifuata hadi nje ya geti, na mmefanya vema.

Baada ya siku ile, mimi na kijana wa Tabora tulijiandikisha katika darasa la wanaoanza kwenye bwawa la mtaani, tukipokezana mstari na watoto wa miaka sita. Somo la tano aliachia ukingo. La nane alielea chali dakika nzima, macho juu, masikio ndani ya maji. Kila somo lilikuwa nusu saa. Ni masomo hayo 8 ninayokuombea wenzake, kabla hawajapewa karatasi ya likizo.

Wako mtiifu,
Sajenti wa zamani, mzaliwa wa Dodoma
Texas