Kura yako ya Doha

Likoni, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi. Mamako hajambo, jana nilimkuta uani anapalia mchicha wake na ulimi vilevile.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Ati huna haja ya kujiandikisha, maana huko ubalozini Doha utapewa karatasi moja tu, ya rais, na kura moja kati ya mamilioni ni tone baharini. Mbona kwa ubishi hujabadilika!

Wakumbuka uchaguzi wetu wa Kenya, Machi 2013? Nilikuwa karani kituoni, tukahesabu hadi alfajiri macho yamevimba. Uhuru Kenyatta alitangazwa rais na kura 6,173,433 kati ya 12,330,028. Asilimia 50.07. Sasa sikiliza. Katiba yetu inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, kwa hiyo kila anayempigia mtu mwingine, awe yeyote, anaiinua hiyo nusu. Wangetoka watu 16,838 zaidi wakawapigia wale wengine, tungerudi kituoni kwa duru ya pili. Gawanya kwa kaunti 47: watu 358 hivi kila kaunti. Harusi ya dadako ilikula zaidi ya hao!

Ndiyo maana wale 52,848 waliompigia mwalimu Dida, yule mgombea urais tuliyekuwa tukimcheka kwenye mdahalo, mimi siwaiti waliotupa kura. Walikuwa wanausogeza mstari wa nusu juu, pengine bila wenyewe kujua. Aliyelala nyumbani ndiye hakusogeza chochote.

(Najua utaniuliza kura zilizoharibika. Haya, Mahakama ya Juu ilisema baadaye zisiingie kwenye hesabu. Ukizitoa zote 108,975, pengo la wale 16,838 lapanuka hadi laki moja na ushei. Bado si bahari.)

Kuhusu kura kuibiwa, hapo sina jibu la kukuridhisha. 2017 mahakama hiyohiyo ilifuta uchaguzi wa rais. 2022 fomu za matokeo ya vituo ziliwekwa mtandaoni, nami nilikaa barazani na kikokotoo nikijumlisha za Likoni, chai ikapoa. Kituo changu fomu ilikuwa sawasawa na ile niliyoiona mlangoni. Vingine siwezi kuviapia.

Pasipoti yako inaisha lini? Iangalie kesho kabla ya zamu, usije ukaninunia 2027. Na kama wakubwa wote wamekuchosha, tafuta Dida mwingine umpigie.

Udi usisahau.

Wako,
Zuhura