Usafi wa ziwa unakosa watu wa nchi kavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakazi wenzangu wa Mwanza. Kila inapotangazwa kazi ya kujitolea kutoa taka katika Ziwa Victoria, watu wengi huiona ni ya wapiga mbizi, na kwa kuwa hawajui kuogelea wanabaki nyumbani. Kwa niliyoyaona, wapiga mbizi wachache wanaohitajika hupatikana. Upungufu uko ufukweni.

Mpiga mbizi akishuka kwenye Ghuba ya Mwanza haoni mbali. Maji yana tope na mwani, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi anapapasa. Anachokutana nacho huko ni nyavu za nailoni zilizokatika au kutelekezwa, zimenasa kwenye mawe. Haziozi, na zinaendelea kunasa sato na sangara ambao hakuna atakayewala. Anakata kwa kisu, anafunga kamba, anatoa ishara. Kuupandisha wavu huo hawezi, kwa sababu umejaa tope na maji, na akijaribu kuuburuta utamnasa yeye mwenyewe.

Hapo ndipo wanapohitajika walio juu. Wavute kamba pamoja, taratibu, bila pupa. Awepo mwenye daftari anayeandika nani kashuka na saa ngapi, maana hewa ya mtungi ina kikomo. Awepo mwingine wa kutazama maji tu, asipewe kazi nyingine yoyote: aangalie kiboko na mamba, awapungie wenye mitumbwi ya injini wapite mbali. Kazi ya huyu wa mwisho haihitaji nguvu wala ujuzi wa kuogelea, lakini akikosekana, mimi nasema mbizi isianze.

Halafu kuna taka za ufukweni zenyewe, ambazo ndizo nyingi. Mvua za masika na vuli zikinyesha, Mto Mirongo unapita katikati ya jiji ukizoa kila kilichotupwa mitaroni na kukimwaga ziwani. Mifuko ya plastiki imepungua tangu ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, na tunashukuru, ila chupa na pempasi bado zimejaa kwenye matete. Ziwa hili, pamoja na ukubwa wake wa takriban kilomita za mraba 68,800, kina chake hakifiki hata mita 100, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Tunachotupa hapa Mwanza hakina pa kwenda. Na maji ya bomba tunayokunywa yanavutwa humo humo, Capri Point na Butimba.

Nawaomba waandaaji jambo moja kwa msisitizo. Msiwaingize watu majini pekupeku. Kichocho kipo kanda hii, na konokono wanaokibeba hukaa pale pale penye majani na kina kifupi, ambapo mtu wa kuokota chupa anapenda kuingia. Vimelea vinapenya kwenye ngozi nzima, haihitaji kidonda. Asiye na gambuti na glavu abaki juu kuchambua taka, na watoto wasiguse maji kabisa. Aliyeloa akapime, dawa ipo.

Kuchambua nako ni kazi kamili. Chupa zikitengwa kwenye salfeti zake wanunuzi wa chakavu watazichukua kwa kilo, na vijana wanaookota chupa kila siku wanajua bei kuliko sisi, waitwe wasimamie. Nyavu zikae kando, zisirudishwe kwa mtu kwa kisingizio kwamba kipande fulani bado kizima.

Linaloniumiza zaidi ni lundo linaloachwa. Watu wanafanya kazi tangu alfajiri, wanapiga picha, wanaondoka, na taka zinabaki ufukweni kungoja gari la kwenda dampo. Mvua moja tu ikinyesha usiku, nusu yake inarudi majini. Wapiga mbizi waliohatarisha maisha yao hawastahili kufanyiwa hivyo. Gari lipatikane kwanza, ndipo tarehe itangazwe.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tayari tunatoka kufagia mitaa na kuzibua mitaro. Nawaomba wenyeviti wa mitaa inayopakana na ziwa, kuanzia Kirumba hadi Mkuyuni na Luchelele, wauhesabu ufukwe kuwa sehemu ya mtaa siku hiyo, na viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo na uvuvi, waje na kamba zao, kwa kuwa hakuna anayejua kuvuta wavu kuwashinda wavuvi. Kazi ianze saa 12 asubuhi, kabla upepo haujachafua maji. Mama lishe wa mwaloni wakiambiwa mapema, chai itakuwepo.

Mkazi wa Kirumba,
Mwanza