Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Mbeya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuwa nasi. Mwaka huu sisi wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) tumejikita kwenye mada moja: oganoidi za ini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, oganoidi ni vijiduara vya seli hai, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinavyokuzwa maabarani. Kipande cha uvimbe wa saratani cha mgonjwa hukatwakatwa, seli zikatenganishwa kwa vimeng'enya, zikawekwa ndani ya jeli na kulishwa virutubisho pamoja na vichocheo vya ukuaji. Zenyewe hujipanga, zikabaki na tabia nyingi za uvimbe zilikotoka. Hapo dawa hujaribiwa kwenye oganoidi kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwaka 2017 Meritxell Huch na wenzake huko Cambridge, Uingereza, walikuza oganoidi za aina 3 za saratani ya ini, wakaona kwamba kuzuia protini iitwayo ERK kunaweza kuwa njia ya tiba. Ila oganoidi hizo hazina mishipa ya damu wala askari wa kinga, hivyo dawa iliyofaulu humo yaweza kufeli mwilini.

Kwa nini ini? Kwa sababu visababishi vya saratani yake tunaishi navyo: virusi vya homa ya ini B, pombe na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mikoa yetu ni ghala la mahindi la nchi. Yakipakiwa kabla hayajakauka huota ukungu wa kijani, na wengi wetu tumeona yakichambuliwa nyumbani: mazuri yanauzwa, mabovu yanakwenda kwa kuku na kwenye komoni, pombe yetu ya kienyeji. Na sumukuvu, kuipika hakuimalizi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosekani. Hadubini zetu ni 2, na moja kioo chake kimepasuka. Ganda la kitunguu tunalitazama kwa foleni. Maabara ya oganoidi hatuiombi, gharama zake tunazijua. Tunaomba hadubini 3 za umeme, slaidi za ini lenye afya na za ini lenye saratani, na utuunganishe na mtaalamu wa patholojia wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, aje hata kwa saa moja. Maswali tumeshayaandika.

Tunaomba kuwasilisha.