Fundi wa faiba aache namba nyumbani

Mhariri,

Ugomvi wa intaneti ya faiba majumbani huishia pale pale: mteja analalamika, mhudumu wa simu anamwambia azime ruta na kuiwasha tena. Kuna namba moja ambayo ingekata ubishi huo, nayo ni nguvu ya mwanga unaofika kwenye kikasha, yaani kifaa cha nyumbani kinachopokea mwanga wa faiba na kuugeuza kuwa intaneti. Mafundi wengi huipima siku ya kufunga, kisha wanaondoka nayo.

Hesabu yake si ngumu. Mwanga hutoka kwenye mtambo wa kampuni ukiwa na takriban +3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga kwa desibeli; namba ikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga unazidi kufifia). Splita ya kugawia nyumba 32 hula kama desibeli 17, kilomita 5 za kebo hazili hata 2, na viungo na soketi hula 1.5 hivi. Inabaki kama -17. Vikasha vingi vya GPON (mfumo wa faiba moja kugawiwa nyumba nyingi) hupokea kuanzia -8 hadi -27. Kwa hiyo kinachosoma -26 kina taa ya kijani na intaneti ipo, ila hakina akiba: kochi likiigandamiza kebo ukutani, LOS (taa ya kukosa mwanga) inawaka nyekundu. Kila desibeli 3 zikipotea, nusu ya mwanga imekwenda.

Mara nyingi mwanga hupotelea humo humo sebuleni. Njia yake ndani ya uzi wa kioo ina upana wa mikromita 9 tu, hivyo chembe moja ya vumbi kwenye ncha ni balaa. Ncha haifutwi kwa shati wala haipulizwi kwa mdomo (pumzi ina unyevu). Hufutwa kwa kitambaa maalumu kisichoacha nyuzinyuzi. Kosa jingine ni kuchomeka kichwa cha kijani kwenye soketi ya buluu. Kinaingia vizuri kabisa, lakini ncha ya kijani imekatwa mshazari digrii 8 na ya buluu haina mshazari, kwa hiyo vioo havigusani sawasawa.

Wi-Fi ni kesi nyingine. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta. Kasi ikija kamili, faiba haina kosa.

Ombi langu kwa kampuni za intaneti: chini ya kila kikasha ibandikwe karatasi yenye tarehe na kipimo cha siku ya kwanza. Na mteja akionyeshwa -25 au mwanga hafifu zaidi (kama -26) siku hiyo, asitie saini.

Fundi wa faiba,
Dar es Salaam